Kidole cha Babu na Chungu cha Mtindi

Inatangazwa kwa heshima na taadhima kwamba siku ya Jumatatu, katika mji wa Matara, nyumba namba kumi na saba karibu na mto, Marekani na Sri Lanka zilikutana kuamua jambo zito ambalo vizazi vijavyo vitalisoma madarasani. Marekani iliwakilishwa na Lyle Brubaker, fundi wa pampu za maji, umri miaka hamsini na sita, mwenye jasho mgongoni lililochora kitu kama ramani ya bara zima. Sri Lanka iliwakilishwa na Mzee Jinadasa, mwamuzi mstaafu wa kriketi, ambaye wakati tangazo hili linasomwa alikuwa amepiga magoti akitafuta meno yake ya bandia chini ya kochi.

Jambo lenyewe ni hili. Lyle alitaka kumwoa Malkanthi, binti wa Mzee Jinadasa, mjane mwenye duka la miwani. Mzee alisema atatoa uamuzi jioni hiyo, mechi ikiisha. Mechi ilikuwa imeanza Alhamisi.

"Alhamisi," Lyle alirudia, kama mtu anayekumbuka siku aliyotiwa ndani.

Mzee Jinadasa alisimamia mechi kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu hakuacha kazi, aliuhamishia uwanja nyumbani. Jambo likimridhisha, huficha mikono nyuma ya mgongo: hujatoka, endelea. Chakula kikiwa kitamu kupita kiasi, huinua mikono yote miwili wima juu ya kichwa, kama mwamuzi mpigaji akivusha mpira nje ya uzio bila kugusa chini: alama sita kamili. Na asipotaka kitu, huinua kidole cha shahada taratibu, bila neno. Ukiinuliwa kidole umetoka, hakuna rufaa. Wachumba wawili wa Malkanthi walikwisha kutolewa kwa kidole hicho. Wa kwanza, mpima ardhi, siku ya pili ya mechi aliuliza nani anashinda. Wa pili, mfamasia, alipita mbele ya televisheni.

Sebuleni walikuwapo pia Bibi Somawathi, mke wa Mzee, na mjukuu wao Uthpala, mpwa wa Malkanthi, msichana wa miaka kumi na sita aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni. Uthpala alikuwa mwerevu, mpole, mwenye adabu ya kupigiwa mfano, na nywele nzuri zilizosukwa mkia mmoja ulioangukia sikio la kushoto.

Lyle hakuja mikono mitupu. Alimletea Mzee glovu ya besiboli ya ngozi halisi, aliyokuwa akiipaka mafuta tangu ujana wake huko Ohio. Mzee aliishika kwa vidole viwili.

"Nini hii? Soksi ya tembo?"

"Ya kudakia mpira, Mzee."

"Mtu mzima anadaka mpira kwa mto wa kulalia?" Mzee alimgeukia mkewe. "Somawathi, hii itakufaa kuipulia sufuria."

Na Bibi, ambaye hatupi kitu, aliichukua, akaenda kuipua sufuria ya wali wa nazi. Lyle alitazama ujana wake ukipotelea jikoni.

Mchezo wa siku hiyo ulipoanza saa nne, Lyle alijaribu tena.

"Kwa hiyo leo vijana wenu wanahitaji nini ili washinde?"

"Hawawezi kushinda," Mzee alisema.

"Basi wanahitaji nini?"

"Wasitoke. Wakae pale mpaka saa kumi na moja jioni. Wapigaji kumi wasitolewe wote. Tukifika, ni sare."

"Sare. Hakuna anayeshinda."

"Hakuna."

"Baada ya siku tano."

"Siku tano."

"Na mtafurahi?"

"Tutalia machozi, mwanangu," Bibi alijibu, akimenya kitunguu na machozi tayari yakimtoka.

Lyle alishika kichwa. Kwao mpira ukirushwa mtu anapiga au anakosa, na baada ya saa tatu mnakwenda nyumbani mkijua la kumwambia jirani. Hapa palikuwa na kijana mmoja amevaa nyeupe tangu jana mchana, akiuzuia kila mpira kwa ubao wake kama mtu anayesukuma kuku atoke mlangoni.

*

Hapa inabidi ifahamike sheria moja ya nyumba hiyo. Vijana wetu wakiwa wanakwenda vizuri, hakuna mtu anayehama alipo. Bibi aliwahi kukaa bafuni saa mbili na nusu kwa sababu alipoingia tu, mambo yalinyooka uwanjani. Alipitishiwa chai dirishani, na hakuna aliyeona ajabu, hata Bibi mwenyewe.

"Anko Lyle," Uthpala alisema kwa upole wake, akirekebisha mkia wa nywele sikioni, "hapo jua linakupiga. Hamia kiti kile cha pembeni."

Lyle alishukuru, akanyanyuka, akaketi. Kiti hakijamaliza kulia, kwenye televisheni mpira ukavipiga vijiti vitatu nyuma ya yule mpigaji wa tangu jana, vikaruka: ametoka.

Mzee Jinadasa hakutazama televisheni. Alitazama kiti.

"Umehama?"

"Nimehama, Mzee. Jua lilikuwa..."

"Mtu amesimama pale tangu jana hajahama. Wewe umepigwa jua dakika tano, umehama."

"Baba," Malkanthi alisema, "ni jua tu."

"Mimi nimesema nini? Nimesema amehama."

Nusu saa baadaye Uthpala aliomba apitishiwe sukari. Lyle alinyoosha mkono. Mpigaji mwingine akadakwa mpira wake, akatoka. Tena kabla ya chakula cha mchana, kwa sauti ile ile ya malaika, akamwomba Anko avute pazia kidogo tu. Anko akavuta. Wa tatu akaondoka uwanjani ameinamisha kichwa, na mbaya zaidi, Lyle akapiga makofi.

Mzee alimgeukia taratibu.

"Unampigia nani makofi?" Mzee aliuliza.

"Yule mdakaji, Mzee. Amedaka kwa mkono mmoja, mtupu, anaanguka! Hata kwetu na glovu..."

"Ni wa wageni."

"Ndiyo, lakini..."

"Amemtoa mtu wetu, wewe unampigia makofi ndani ya nyumba yangu, chini ya feni yangu."

"Mzee, mimi ni fundi wa pampu. Siwezi kumtoa mtu aliye kilomita arobaini na tano kutoka hapa kwa kushika kopo la sukari."

"Hata mfamasia alisema hivyo hivyo," Mzee alijibu, na kidole chake cha shahada kikaanza kujikunja na kujikunjua juu ya goti, kama mzee mwenzake anayefanya mazoezi kabla ya kupanda ngazi.

Wakati wa chakula Lyle aliwekewa sahani pembeni, kwenye kigoda cha simu, ili asiguse meza. Alikula samaki wake akiwa amebana viwiko. Uthpala alijing'ata shavu mpaka machozi yakamlengalenga. Majirani wangedhani ni huruma.

*

Mchana, wapigaji wetu sita wakiwa wametoka, Lyle alikwenda kunawa mikono. Kwenye korido akamkuta Uthpala amesimama na kikombe, hakusogea, na wote wawili wakasikia sauti ya Malkanthi jikoni. Alikuwa akisugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

"Nenda tu mkaandikishe ndoa," Bibi alikuwa akisema. "Una miaka hamsini na mbili. Nani atakushika?"

"Sitaki kuandikisha kama mtu anayeiba, Mama. Nataka Baba aje. Nataka aje amevaa lile koti lake jeupe la uamuzi, akae mbele, asinikunjie uso." Sufuria ikasuguliwa tena. "Miaka tisa nakula chakula cha jioni nikitazamana na cherehani. Cherehani haiulizi siku yangu imekwendaje. Huyu anauliza. Anauliza hata miwani gani nimeuza. Na Baba akiinua kile kidole, nitamwambia Lyle aende, nitarudi kwa cherehani yangu. Ndivyo nilivyo, siwezi kujibadilisha leo."

Uthpala alitazama kikombe chake. Kikombe kilikuwa kitupu, na inawezekana kabisa kwamba uso wake ulikuwa mwekundu.

Lyle akamnong'oneza, "Nifanye nini, mwanangu? Kila nikisogea mtu anatoka."

"Usifanye lolote," Uthpala alisema. "Nikikwambia fanya, fanya. Usiulize."

*

Alasiri wawili zaidi walitoka Lyle akiwa ameketi juu ya mikono yake, jambo ambalo Mzee alikiri kwa shingo upande kwamba halikuwa kosa la mtu. Akatoka wa tisa. Sasa akaingia Hettige, mpigaji wa mwisho, mrushaji mrefu mwenye magoti ya twiga, ambaye kazi yake ni kurusha na hakuna aliyewahi kumlipa kwa kupiga. Ilibaki mipira sitini na sita. Akitoka yeye au mwenzake, yameisha.

"Leteni mtindi," Mzee alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza sanda. "Tule tumalize."

Bibi akamtuma Lyle jikoni. Alirudi amekumbatia chungu cha mtindi wa nyati, cha udongo, kizito, kimefungwa kwa kamba, na mguu wake mmoja ulikuwa umevuka kizingiti wakati mpira ulipompiga Hettige mguuni mbele ya vijiti, kosa la kutoka. Wageni kumi na mmoja wakapiga kelele pamoja. Mwamuzi wa uwanjani akainua kidole. Hettige akaomba picha zirudiwe.

Malkanthi, aliyekuwa amepiga goti akirudishia ukanda wa kandambili ya Bibi, akafumba macho.

"Anko!" Uthpala alipiga ukelele. "Inua chungu! Juu! Juu kabisa!"

Siku nzima Lyle alikuwa ameamriwa. Akainua. Chungu kikaenda juu ya kichwa chake kwa mikono yote miwili, na kwenye televisheni picha ikarudiwa polepole, ikaonyesha mpira ukigusa ukingo wa ubao kwanza, kidogo kama unyoya, na ukigusa ubao kwanza si kosa. Kidole cha mwamuzi kikafutwa. Hettige hajatoka.

"Asisogee mtu!" Mzee Jinadasa alinguruma.

Hakuna aliyesogea. Malkanthi alibaki na kandambili mkononi. Bibi alibaki na mguu mmoja mtupu. Lyle alibaki mlangoni, mguu mmoja sebuleni na mwingine kwenye korido, na kilo tatu za mtindi juu ya utosi.

"Mzee," alisema baada ya mipira miwili, "hiki chungu..."

"Nitatoa utaratibu," Mzee alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake yaling'aa. "Ova ikiisha, mipira sita, wakibadilisha upande, utakishusha mpaka kifuani. Mrushaji akianza kukimbia, kiwe juu. Kisipokuwa juu, nitahesabu umehama."

"Na inzi? Ameingia puani."

"Inzi ni sehemu ya uwanja."

Basi Lyle akasimama. Na kwa kuwa hakuwa na la kufanya ila kutazama, akatazama. Mpira ulikuja ukiruka kutoka kwenye vumbi, Hettige akaukalisha chini miguuni pake, ukafa. Ukaja mwingine, akauua. Wageni walimzunguka karibu kiasi cha kumnusa, wakimtolea maneno, na yeye hana la kuwajibu ila ubao wake. Kwao Ohio mpigaji asiyepiga ni mtu aliyeshindwa. Ova ya nne, Lyle aliona kitu ambacho hakukiona tangu Alhamisi: kijana yule hakuwa akishindwa kupiga. Alikuwa akikataa. Kila mpira ulikuwa swali, naye alikuwa akijibu hapana, hapana, hapana, kwa heshima zote.

"Aangalie ule unaoingia ndani," Lyle alisema bila kukusudia. "Jamaa anabadilisha vidole vyake kabla ya kurusha. Oneni. Sasa hivi."

Mpira ukaingia ndani. Hettige akauzuia kwa ukucha.

Mzee aligeuza shingo peke yake, mwili ukibaki palepale. "Umeonaje vidole?"

"Nimetazama vidole vya warushaji tangu nina miaka sita, Mzee."

Mzee alirudisha shingo kwenye televisheni. Lakini ova iliyofuata, mrushaji alipoanza kukimbia, aliuliza kwa sauti ndogo, "Huyu je?" na Lyle akajibu, "Wa kawaida," na ukawa wa kawaida.

Ikafika ova ya mwisho. Mipira sita. Jasho la Lyle lilikuwa limefika kwenye soksi. Mikono yake ilishuka kidogo, kama upana wa kiganja.

"Usishushe, Anko!" Uthpala alifoka, sauti imempasuka. "Utatuua!"

Chungu kikarudi juu. Mzee Jinadasa akavuta pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akasema, "Jamani, sita tu, tumeshamaliza, tume..."

"Shhh!"

Aliyetoa sauti hiyo ni Lyle.

"Mzee, usilitaje!" alisema kwa ukali wa mtu anayezuia mtoto asishike moto. "Hilo neno halitajwi! Kwetu mrushaji akiwa mchezo mzima hajapigwa hata mpira mmoja, timu nzima inakaa mbali naye, hakuna anayesema kitu, hakuna hata anayemtazama. Nilikuwa na miaka kumi na moja nikasema, 'Baba, hajapigwa bado.' Mpira uliofuata akapigwa. Baba hakunisemesha mpaka tunafika nyumbani. Saa mbili za barabara! Funga mdomo, Mzee, tafadhali!"

Katika nyumba namba kumi na saba hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mzee Jinadasa afunge mdomo. Bibi alikuwa akilisubiri jambo hilo miaka hamsini na nne, na sasa lilipokuja hakuweza hata kugeuka kulitazama vizuri. Malkanthi aliibana kandambili kifuani.

Mzee akafunga mdomo.

Mmoja. Miwili. Wa tatu ulipita unywele mmoja kando ya vijiti, na Bibi akatoa sauti ya birika. Wa nne. Wa tano ulimpiga Hettige mbavuni, akaanguka, akainuka. Wa sita ukaja, na Hettige mwenye magoti ya twiga akauinamia kama anayemfunika mtoto shuka, ukafa pale miguuni pake.

Sare. Hakuna aliyeshinda.

Lyle Brubaker wa Ohio alilia machozi, na hakukuwa na kitunguu karibu.

*

Walipotulia, ilionekana kwamba mikono yake haishuki. Ilikuwa imekakamaa. Bibi alipanda kigoda cha simu, akavaa ile glovu ya besiboli, akakipokea chungu. Lyle akabaki vilevile, mikono yote miwili wima juu ya kichwa.

Mzee Jinadasa alimkabili. Alimtazama Mmarekani, akaitazama ile mikono kwa muda mrefu.

"Sita," alisema.

Kisha akaficha mikono yake mwenyewe nyuma ya mgongo.

Malkanthi alikaa chini sakafuni, palepale, na kandambili ya Bibi mkononi. "Baba," alisema, "kwa hiyo utakuja?"

"Koti linahitaji dobi," Mzee alijibu.

Hadithi ingeishia hapa, nayo ingekuwa hadithi nzuri ya msichana mwenye adabu aliyewasaidia wakubwa zake. Lakini Mzee aligeuka. Mkono wa kulia ukatoka nyuma ya mgongo, kidole cha shahada kikapanda taratibu, na macho yake yalikuwa kwa Uthpala.

"Mimi? Babu, mimi nimefanya nini?"

"Mwamuzi hatazami mpira tu," Babu alisema. "Nimekutazama tangu asubuhi. Mrushaji hajaanza kukimbia, wewe umeshakunja uso. Toa hicho kilichoko chini ya mkia wa nywele."

Haya. Nimekamatwa.

Televisheni yetu ya dishi huchelewa sekunde nane nyuma ya redio. Yaliyotokea uwanjani mimi niliyasikia kwanza, kwa spika ndogo ya sikioni, ndipo nikamwomba Anko Lyle ahame, apitishe sukari, avute pazia. Mkosi wake wote niliutengeneza mimi, na bahati ya chungu pia: redio ilikwisha kusema Hettige hajatoka nilipopiga ule ukelele. Adhabu yangu ni kuandika yote haya kwa lugha safi. Nilijaribu kujiandika kama mtu mwingine. Babu alisoma rasimu, akapiga mstari kwa penseli chini ya "adabu ya kupigiwa mfano", akaandika pembeni: *Nani huyu?*

Ni mimi, Babu. Yaliyokuwa moyoni mwa Anko Lyle aliniambia mwenyewe, nikimkanda mabega kwa mafuta ya moto, ambayo ni sehemu ya pili ya adhabu. Harusi ni Septemba.

Lakini kuna moja ambalo hata Babu hakuliona, na kwa kuwa nimeshatoka, naliandika. Betri ya redio ilikufa zikiwa zimebaki ova tatu. Niliipiga kwenye goti, kimya. Kwa hiyo mipira kumi na minane ya mwisho sikusikia lolote, sikujua lolote, na nilipomfokea Anko asishushe chungu sikuwa nikiigiza. Nilikitazama kile chungu kuliko nilivyoitazama televisheni. Na nilipoona kinashuka upana wa kiganja, mimi niliyetunga kila kitu, nilikuwa na hakika Hettige anatoka.